Bwana Villiers na mkate wa maskini

Wasomaji wengi mmekwisha kusikia majina ya wakubwa wa Uingereza wa karne ya 19: malkia Victoria, Bwana Peel, Bwana Gladstone. Leo tunataka kuwapasha habari za mtu ambaye jina lake halisikiki sana, hata kwao Uingereza. Aliitwa Charles Pelham Villiers. Aliingia katika Bunge la London mwaka 1835, akatoka humo mwaka 1898, na aliyemtoa ni kifo. Hesabuni wenyewe: ni miaka 63. Hakuna mbunge mwingine wa Uingereza aliyepata kukaa mfululizo muda mrefu kama huo pasipo kukatiza hata mara moja. Lakini hatuandiki habari zake kwa sababu ya wingi wa miaka tu. Mti nao hukaa miaka mingi mahali pamoja. Tunaandika kwa sababu ya ombi moja alilolipeleka mbele ya wakubwa wenzake mwaka kwa mwaka, nao wakalikataa mwaka kwa mwaka. Ombi hilo lilihusu chakula cha watu ambao wengi wao hawakuwa na ruhusa hata ya kupiga kura.

Alizaliwa London tarehe 3 Januari 1802, mtoto wa tatu katika ukoo wa kikabaila. Kwa desturi ya makabaila wa Uingereza, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye mrithi wa cheo na mashamba. Wadogo zake hujitafutia kazi katika jeshi, au katika sheria, au katika kanisa lao. Ndivyo ilivyokuwa kwa hawa. George, kaka yake mkubwa, alirithi cheo cha ukoo mwaka 1838 akaitwa Lord Clarendon. Baadaye akawa waziri wa mambo ya nchi za nje. Henry Montagu, mdogo wao, akawa askofu wa Waanglikana, na mwisho wake aliongoza jimbo la Durham. Charles akachagua sheria. Kwanza alisoma Haileybury, katika chuo cha kuwafundisha makarani wa Kampuni ya India. Mmoja wa walimu wa chuo hicho alikuwa Malthus, mchungaji yule wa Kianglikana aliyejulikana kwa kufundisha kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula chao. Halafu akaenda Cambridge, na mwaka 1827 akapokelewa kuwa mwanasheria.

Mwaka 1832 serikali iliwatuma watu kuchungua hali ya maskini katika nchi yote, wapate kuuliza nani anasaidiwa, na kwa feza ya nani, na kwa namna gani. Villiers alikuwa mmoja wao. Kijana wa nyumba kubwa akaingia katika vibanda vya watu waliolima ngano ambayo wao wenyewe hawakuweza kuinunua. Nadhani safari ile ilimfundisha kuliko vyuo vyote viwili.

Mji uliomchagua, Wolverhampton, haukuwa mji wa makabaila. Ni mji wa katikati ya Uingereza, penye makaa ya mawe na chuma, na mafundi wake walisifiwa sana kwa kutengeneza kufuli. Mpaka mwaka 1832 mji huo, pamoja na ukubwa wake wote, haukuwa na mjumbe hata mmoja bungeni, ambapo vijiji vingine vilivyokwisha kufa vilikuwa na wajumbe wawili wawili! Sheria mpya ya mwaka ule ilisahihisha jambo hilo kwa sehemu. Wolverhampton ikapewa wajumbe wawili, nao walichaguliwa na wanaume wenye mali ya kiasi fulani. Mfanyakazi wa kawaida hakupiga kura, wala mwanamke yeyote. Villiers akachaguliwa tarehe 10 Januari 1835. Siku zile wajumbe hawakulipwa mshahara. Mshahara ulianza mwaka 1911 tu. Kwa hiyo alishika pia kazi katika mahakama, ya kuwahoji mashahidi, apate riziki yake.

Tukumbuke tena kwamba Wakatoliki walikuwa wamefunguliwa mlango wa Bunge hilo mwaka 1829 tu, kwa juhudi za Daniel O'Connell wa Irlandi. Villiers hakuwa Mkatoliki, lakini alimkuta O'Connell mle ndani, na katika jambo la mkate hao wawili walikuwa upande mmoja.

Basi, jambo la mkate ni nini? Hapa inafaa twende polepole, maana pasipo kulielewa hatutamwelewa mtu huyu.

Mkate kwa maskini wa Uingereza ulikuwa kama ugali kwetu: si kitu cha kuongezea chakula, ndio chakula chenyewe. Katika vita vya miaka mingi na Napoleon, ngano ya nchi za nje ilikuwa haiingii vizuri Uingereza, bei ikapanda, na wenye mashamba wakatajirika. Vita vilipokwisha mwaka 1815 waliogopa kwamba ngano ya bei nafuu itaingia kutoka ng'ambo. Na wenye mashamba ndio waliokuwa wengi bungeni! Wakatunga sheria: ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kota moja, yaani kipimo cha kilo mia mbili na zaidi. Siku walipokuwa wakiipitisha sheria hiyo, watu wa London walifanya ghasia, hata askari wakawekwa kulinda milango ya Bunge.

Mwaka 1828 sheria ikageuzwa kidogo. Sasa ushuru ulipanda na kushuka: bei ya nyumbani ikiwa chini, ushuru wa ngano ya kigeni huwa mkubwa, bei ikipanda, ushuru hupungua. Kwa karatasi jambo hili lilionekana la akili. Kwa kweli liliwafundisha wafanya biashara kuficha. Meli zilileta ngano, ngano ikawekwa katika maghala ya bandari chini ya ufunguo wa forodha, na mwenyewe akangoja mpaka bei ipande na ushuru ushuke ndipo aitoe. Chakula kilikuwapo na njaa ilikuwapo, na kati yao palikuwa na kufuli.

Na mshahara je? Katika kijiji cha Tolpuddle, wilaya ya Dorset, vibarua wa shamba walikuwa wakipata shilingi 7 kwa juma mwaka 1834, wakaambiwa zitapunguzwa mpaka 6. Walipoungana kwa kiapo ili wajitetee, sita kati yao walihukumiwa kupelekwa Australia kama wahalifu. Mtu mwenye shilingi 7 kwa juma, mwenye mke na watoto, akinunua mkate alibakiwa na nini cha nyumba, cha nguo, cha kuni? Kila bei ilipopanda, senti zilizotoka mfukoni mwake zilikwenda mfukoni mwa mwenye shamba. Kodi hiyo haikuandikwa katika daftari yoyote ya serikali, lakini ililipwa kila siku mezani.

Tarehe 15 Machi 1838 Villiers alisimama bungeni akaomba Bunge lizichungue sheria za nafaka. Wakapiga kura. Waliokubali 95, waliokataa 300.

Mwaka uliofuata akasimama tena, safari hii kwa hotuba ndefu yenye hesabu nyingi. Waliokubali 195, waliokataa 342. Mtu angedhani kwamba njia inafunguka. Lakini mwaka 1841 kukawa uchaguzi, na chama cha Bwana Robert Peel, ndicho chama cha wenye mashamba, kikashinda kwa wingi. Tena Villiers sasa alikuwa anaomba sheria ifutwe yote kabisa, si kupunguzwa, na wengi waliokuwa wakimfuata kwa ajili ya kupunguza hawakutaka kufika mpaka huko. Mwaka 1842 akapata kura 90 tu; waliokataa walikuwa 393. Mwaka 1843: 125 kwa 381. Mwaka 1844: 124 kwa 328. Mwaka 1845: 122 kwa 254.

Nimeziandika hesabu hizi zote makusudi. Tazameni mwaka 1843 mpaka 1845: miaka mitatu, na wafuasi wake hawakuongezeka, walipungua watatu. Wabunge walikwisha kuizoea hotuba yake kama watu wanavyozoea mvua ya msimu. Wengine walitoka nje kwenda kula wakati anaposema. Mtu mwenye kupenda sifa angalitafuta jambo lingine la kujijengea jina. Yeye mwaka ukifika alikusanya karatasi zake na kuanza tena.

Hata hivyo tusiwaonee waliompinga. Walisema kwamba ngano ya nje ikiingia bure, wakulima wa nyumbani watafilisika, mashamba yataachwa, na siku ya vita nchi itategemea chakula cha wageni. Neno hili si la kijinga. Nchi nyingi bado zinajiuliza hivyo. Na wafanyakazi wenyewe hawakuwa wote upande wa Villiers. Wengi walishuku kwamba wenye viwanda wanataka mkate wa bei nafuu ili wapate kupunguza mishahara. Pengine baadhi ya wenye viwanda walikuwa na nia hiyo, nani ajuaye mioyo yao?

Nje ya Bunge, katika mji wa Manchester, watu wa viwanda walikuwa wameanza chama kikubwa cha kupinga sheria za nafaka, mwaka 1838 na 1839. Viongozi wake, Richard Cobden na John Bright, walikuwa wasemaji hodari. Walizunguka nchi nzima, wakakusanya feza, wakachapisha vijitabu kwa wingi ajabu, na posta ya bei nafuu iliyoanzishwa mwaka 1840 ikavifikisha mpaka vijijini. Cobden aliingia bungeni mwaka 1841, Bright mwaka 1843. Basi angalieni: wakati wa kura zile za kwanza, ngumu kuliko zote, wao hawakuwamo bado. Villiers ndiye aliyesimama. Tena yeye alikuwa na kitu wasichokuwa nacho wao. Cobden aliweza kuambiwa, «Wewe una kiwanda cha nguo, unatafuta faida yako.» Villiers nani angemwambia hivyo? Ukoo wake ulikuwa wa wenye mashamba. Alikuwa akiomba jambo lililowapunguzia mapato watu wa nyumba yake.

Mwisho wake, kilichoishinda sheria haikuwa hotuba. Ulikuwa ugonjwa wa viazi.

Maskini wa Irlandi, na karibu wote walikuwa Wakatoliki, walikula viazi vya Ulaya asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa kipande kidogo cha shamba kilitosha kulisha jamaa kwa viazi, na ngano waliyoilima waliiuza wapate kumlipa mwenye ardhi. Mwaka 1845, wakati wa kuvuna, viazi vikaoza ardhini. Peel, aliyekuwa waziri mkuu, alinunua kwa siri mahindi ya Marekani ya pauni 100.000 yapelekwe Irlandi. Wale watu hawakuwahi kuona mahindi, wala hawakujua kuyasaga na kuyapika vizuri, yaliwaumiza matumbo. Msomaji wetu aliyekulia juu ya ugali wa mahindi atashangaa, lakini chakula usichokifundishwa na mama yako ni kigumu kukijua siku ya njaa.

Peel akaona mwenyewe kwamba haiwezekani tena kufunga mlango wa nafaka mbele ya watu wanaokufa. Miaka mingi alikuwa ameitetea sheria ile, sasa akageuka. Mwezi wa Desemba 1845 alijiuzulu, ikashindikana kupata mwingine wa kuunda serikali, akarudi. Mwezi wa Januari 1846 akalileta bungeni yeye mwenyewe ombi ambalo Villiers alikuwa akilileta tangu miaka minane. Tarehe 15 Mei kura zikahesabiwa: 327 wakakubali, 229 wakakataa. Zaidi ya nusu ya chama cha Peel walimpinga. Baraza la Malodi likakubali usiku wa tarehe 25 Juni, na usiku uleule wabunge waliomchukia Peel walimwangusha kwa sheria nyingine iliyohusu Irlandi. Mlango wa nafaka ukafunguliwa, na aliyeufungua akatolewa nje. Ushuru ulipunguzwa kwa ngazi mpaka tarehe 1 Februari 1849, ikabaki shilingi moja tu kwa kota, na hiyo nayo ikaondolewa mwaka 1869.

Alipokuwa anaaga, tarehe 29 Juni 1846, Peel aliwaambia wabunge kwamba sifa ya kazi hii si yake wala si ya wakubwa wa vyama, ni ya mtu mmoja, akamtaja: Richard Cobden. Villiers alikuwa mbunge katika Bunge hilohilo. Jina lake halikutajwa. Watu wakachangia feza nyingi sana za kumpa Cobden zawadi, na vitabu vya shule vikaandika «Cobden na Bright» mpaka leo. Wasomaji watauliza kama Villiers alilalamika. Mimi najua tu alilofanya: mwaka 1847 wilaya kubwa ya Lancashire ya kusini, yenye Manchester ndani yake, ilimchagua kuwa mjumbe wake, ilikuwa heshima kubwa kupita ile ya mji wake. Aliikataa akabaki na mafundi wa kufuli wa Wolverhampton.

Sasa tuseme na upande wa uchungu. Je, mkate wa bei nafuu uliwaokoa watu wa Irlandi? Haukuwaokoa. Nafaka inaweza kuwa ya bei ndogo namna gani kwa mtu asiye na senti hata moja? Mwaka 1846 viazi vilioza tena, kupita mwaka wa kwanza. Serikali mpya iliamini mno kwamba biashara huria itaulisha ulimwengu yenyewe, na vyakula viliendelea kutoka Irlandi kwenda kuuzwa Uingereza. Mwezi wa Februari 1847 O'Connell, mzee na mgonjwa, alisimama bungeni mara ya mwisho akawaombea watu wake. Sauti yake ilikuwa dhaifu hata wengi hawakuisikia. Kisha akafunga safari kwenda Roma, akafa njiani, mjini Genova, tarehe 15 Mei. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka ile, na wengine zaidi ya milioni wakavuka bahari. Mwaka 1841 Irlandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walibaki milioni 6 na nusu.

Na nani alikuwa mkubwa wa serikali ya Uingereza mjini Dublin kuanzia mwaka 1847 mpaka 1852? Ni Lord Clarendon, kaka yake Villiers! Mwanzoni alikuwa mkali. Lakini mwaka 1849, baada ya kuyaona ya magharibi ya nchi, alimwandikia waziri mkuu akisema kwamba hakuna bunge lingine katika Ulaya ambalo lingepuuza mateso kama hayo. Feza zilizokuja zilikuwa kidogo. Wakati mdogo anasifiwa kwa kufungua njia ya mkate, mkubwa alikuwa anahesabu maiti. Siwezi kuandika juu ya ushindi wa mwaka 1846 na kuliacha jambo hili.

Baadaye Villiers akapewa kazi za serikali. Kuanzia mwaka 1852 mpaka 1858 alisimamia mambo ya hukumu za jeshi. Hapo hatuna la kusema sana. Mwaka 1859 akawa waziri mwenye ulinzi wa maskini, akakaa hapo mpaka 1866. Kwa maoni yangu kazi yake ya miaka hiyo saba haikupungukiwa na ile ya nafaka, ingawa ni wachache wanaoikumbuka.

Desturi ya Uingereza ilikuwa hivi: kila parokia (si ya padri tu, bali ndiyo kijiji mbele ya serikali pia) ililipia maskini wake yenyewe kwa kodi ya wenye mali waliomo. Kwa kuitazama upesi ni desturi njema ya kijirani. Lakini mwenye mashamba aliyemiliki parokia nzima alifikiri: vibarua wakikaa hapa, siku ya uzee na ugonjwa nitawalipia mimi. Basi akazibomoa nyumba zao! Vibarua wakaenda kupanga katika parokia ya jirani yenye watu wengi na mali kidogo, wakalundikana humo, na kila asubuhi wakatembea mwendo mrefu kwenda kulima shamba la bwana yuleyule. Walipougua, waliokuwa maskini kama wao ndio waliowalipia. Mwaka 1865 Villiers alipitisha sheria kwamba gharama ya maskini ilipwe kwa pamoja na muungano wa parokia nyingi, kila moja kwa kadiri ya mali yake. Tangu hapo kubomoa nyumba ya kibarua hakukuwa na faida. Wenye mashamba walipiga kelele, lakini safari hii hakungoja miaka minane.

Sheria hiyohiyo iliwagusa ndugu zetu Wairlandi. Maelfu yao waliokimbia njaa walikuwa katika miji ya Uingereza, Liverpool, Manchester, na mingineyo, wakichimba mifereji na kupakua meli. Mwirlandi akiomba msaada kabla ya kukaa mahali miaka mitano, aliweza kutiwa melini na kurudishwa kwao, hata kama kwao hakuna aliyebaki. Mwaka 1861 miaka hiyo mitano ikapunguzwa kuwa mitatu, na mwaka 1865 ikawa mmoja. Tena mwaka 1862 sheria iliruhusu watoto wa maskini watolewe katika nyumba za kazi za serikali na kulelewa katika shule zilizokubaliwa. Nyumba hizo za kazi zilikuwa za huzuni: baba aliwekwa huku, mama kule, watoto mahali pengine. Mtoto Mkatoliki aliyefiwa na wazazi alikua humo pasipo kusikia hata Salamu Maria. Kwa sheria ile, masista na mapadri wa Uingereza wakaanza kuwapokea watoto hao katika shule zao.

Katikati ya miaka hiyo ikaja njaa nyingine, ya pamba. Viwanda vya Lancashire vilisokota pamba ya Marekani iliyolimwa na watumwa weusi. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, pamba haikufika tena, mashini zikasimama. Mwisho wa mwaka 1862 watu karibu nusu milioni walikuwa wakila kwa msaada. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba wafanyakazi wa Manchester, wakiwa katika hali hiyo, walimwandikia rais Lincoln kumtia moyo katika kuwafungua watumwa. Villiers akatunga sheria mwaka 1863 ya kuikopesha miji feza, zaidi ya pauni milioni moja, iwaajiri watu hao kujenga barabara, kuchimba mifereji ya maji machafu na kuleta maji safi. Mtu akapata mshahara badala ya sadaka, na mji ukapata afya.

Alikuwa na umri wa miaka 64 alipotoka katika uwaziri. Wengi hapo huenda kupumzika. Yeye alibaki mbunge miaka 32 mingine! Hakuoa. Miaka hiyo ya mwisho tunaweza kuipita upesi, maana alisema kidogo, na mwishowe alionekana bungeni mara chache. Mwaka 1879 watu wa Wolverhampton walimsimamishia sanamu mjini mwao, kazi ya mchongaji William Theed, mwenyewe akiwa bado hai na bado mjumbe wao. Mwaka 1886 Gladstone alipotaka kuipa Irlandi bunge lake, Villiers alijitenga naye, akawafuata wale Waliberali waliolikataa jambo hilo. Ni ajabu na ni masikitiko: mtu aliyewapunguzia Wairlandi taabu katika miji ya Uingereza hakukubali wajitawale katika nchi yao. Pengine uzee, pengine ukoo ulirudi kumdai.

Tangu mwaka 1890 alikuwa mkongwe wa Bunge, ndiye wanayemwita baba wa nyumba. Alikuwa amechaguliwa katika chaguzi kuu 15. Siku alipoingia mara ya kwanza, mfalme alikuwa William wa Nne na watu walisafiri kwa gari la farasi. Siku za mwisho wake London ilikuwa na simu na taa za umeme. Alikufa mjini London tarehe 16 Januari 1898, mwenye umri wa miaka 96.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1903, waziri mmoja mwenye nguvu, Joseph Chamberlain, aliacha kazi yake ya serikali apate kuzunguka nchi akihubiri kwamba ushuru wa vitu vya kigeni urudishwe, na chakula kimo. Uchaguzi ukafika Januari 1906. Waliompinga walitembea na mikate miwili juu ya miti na katika picha za ukutani, mmoja mkubwa, mmoja mdogo: mkubwa ni mkate usio na ushuru, mdogo ni ule wa Chamberlain. Sasa wafanyakazi wengi walikuwa na haki ya kupiga kura. Waliitazama ile mikate miwili, wakaenda kupiga kura, na chama cha mkate mkubwa kikashinda kwa wingi sana.